Taco za kuku zenye ladha ya Kichina: majibu kwa barua zenu

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa maneno machache mno, kwamba Ijumaa jioni nyumbani kwangu hupikwa taco za kuku zilizokolezwa viungo vya Kichina, na maneno hayo machache yameniletea barua nyingi. Nimezichagua saba ambazo naamini zitawafaa na wengine. Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na chakula hiki, taco asili yake ni Meksiko: ni mkate mwembamba wa duara, mpana kidogo kuliko kiganja kilichokunjuliwa, ambao hukunjwa mara moja juu ya nyama na mboga ukaliwa kwa mkono.

Assalamu alaykum. Nilimkata kuku vipande, nikamkaanga pamoja na vitunguu, tungule, thomu na tangawizi, kisha nikatia sosi ya soya na kikombe cha maji, nikaacha ichemke. Ladha ilikuwa nzuri, lakini nilipoitia ndani ya chapati nyembamba, mkate ulilowa na kupasuka kabla haujafika mdomoni, na mwisho wake watoto walikula kwa vijiko. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Wete, Pemba*

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Ulichopika ni mchuzi, na sina shaka kuwa ulikuwa mchuzi mzuri, ila taco haiuwezi mchuzi. Mikono yetu imezoea kupikia wali na ugali, ambavyo kazi yake ni kunywa kile tunachokimimina juu yake, kwa hiyo tunapomwona kuku chunguni tunaongeza maji bila hata kufikiri. Kwenye taco, mkate ndiyo sahani yenyewe, na sahani ikishalowa chakula kimeharibika. Nami nilipoanza nilipoteza kuku wawili kwa njia hiyo hiyo kabla sijaelewa kwamba maji yote yanayohitajika yamo ndani ya nyama, na kwamba kazi ya mpishi ni kuyazuia yasitoke.

Wapishi wa Kichina wana njia yao ya kuyazuia, nayo haina gharama. Kwa watu wanne chukua gramu 600 za mapaja ya kuku yaliyotolewa mifupa na ngozi. Nachagua mapaja kwa sababu kidari hukauka upesi. Kama kuku alikuwa wa barafu, mwache ayeyuke ndani ya friji tangu usiku, wala usimtie kwenye maji ya moto, kisha mkaushe kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, maana nyama iliyolowa haikaangiki bali huchemka. Kata vipande virefu vyenye unene wa kidole cha mwisho, uvitie vijiko viwili vya chakula vya sosi ya soya, ute mweupe wa yai moja, kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi (yaani ule unga mweupe laini wa kuzitia supu uzito, si sembe), kijiko kimoja cha mafuta ya kula na nusu kijiko cha chai cha viungo vitano, ambavyo nimevieleza katika jibu la barua ya Mkoani hapa chini. Changanya kwa mkono mpaka kila kipande kivae, ukiweke chombo ndani ya friji kwa nusu saa. Wanga na ute wa yai vikipata moto hugeuka kuwa ngozi nyembamba inayozingira nyama. Maji ya nyama hubaki ndani, na sosi utakayoitia baadaye hupata mahali pa kushika.

Sosi hiyo itengeneze kabla hujawasha moto, kwa sababu ukishaanza kukaanga hutapata nafasi ya kusaga thomu. Sosi ya dukani iitwayo hoisin, ambayo hutengenezwa kwa soya zilizochachushwa, sukari, thomu na viungo, ikipatikana ni nzuri, lakini mimi naridhika na hii: vijiko viwili vya chakula vya sosi ya soya, kimoja na nusu cha siagi ya karanga, kimoja cha asali, vijiko viwili vya chai vya siki, punje mbili za thomu zilizopondwa, pilipili mbuzi kiasi unachostahimili, na robo kijiko cha chai cha viungo vitano. Koroga mpaka ilainike iwe na uzito wa uji wa mtoto. Mwenye kudhurika na karanga atumie ufuta uliokaangwa ukapondwa hadi kutoa mafuta.

Sasa moto. Hapa ndipo wengi huogopa. Kikaango kipana kikauke, kipate moto mpaka tone la maji likidondoshwa lirukeruke, ndipo utie mafuta vijiko viwili, kisha nusu tu ya nyama. Nyama yote ikiingia kwa pamoja, moto hushuka, maji hutoka, nawe umerudi kwenye mchuzi wako wa Wete. Ukitumia seredani, subiri makaa yote yawe mekundu na usipunguze hata moja. Siku hii mkaa hauwekwi akiba. Tandaza vipande, usiviguse kwa dakika moja na nusu ili vipate rangi, vigeuze, na baada ya dakika tatu au nne kwa jumla vitoe, upike nusu iliyobaki. Kisha rudisha vyote kikaangoni pamoja na tangawizi iliyokunwa, kiasi cha kipande cha urefu wa kidole gumba, mimina sosi, geuza kwa mwiko kwa dakika moja au mbili, na uepue mara sosi inapoanza kung'aa na kuigandama nyama. Kata kipande kinene kuliko vyote ukitazame: ndani pasiwe na wekundu, na majimaji yake yawe meupe. Mwenye kipimajoto cha jikoni ahakikishe kimefika nyuzi 74 za Selsiasi.

Utajua umefaulu ukiinamisha kikaango: sosi ikitembea polepole nyuma ya nyama badala ya kuikimbia, mkate hautalowa. Juu yake weka kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, karoti iliyokunwa, kitunguu cha majani, kotmiri na tone la ndimu. Kabichi isitiwe chumvi mapema, kwani chumvi huitoa maji. Msimu wa embe bichi nazikata vijiti vyembamba badala ya kutumia ndimu, na kwa kweli nazipenda zaidi.

Nilitaka kufuata asili, kwa hiyo nilikanda unga wa sembe kwa maji na chumvi nitengeneze mikate ya mahindi. Nilipoisukuma ilipasuka pembeni, na kwenye chuma ilikauka ikawa kama magae. Je, sembe yetu ina kasoro?
*Msomaji, Makunduchi*

Sembe yetu haina kasoro yoyote. Tofauti iko katika namna mahindi yanavyoandaliwa. Sisi husaga mahindi makavu. Watu wa Meksiko, tangu kabla ya kufika Wahispania, huyachemsha mahindi kwa maji yaliyotiwa chokaa, huyaacha yalale humo usiku kucha, huyaosha mpaka maganda yatoke, kisha huyasaga yakiwa bado yamelowa. Chokaa hiyo hulegeza kuta za punje, na ndiyo inayolifanya donge lishikamane na likunjike bila kukatika. Aidha hufungua vitamini iitwayo niasini, ambayo katika mahindi ya kawaida imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vyema. Elimu hiyo ni kubwa na naiheshimu, lakini nawasihi msijaribu kuifuata kwa chokaa ya kujengea, kwa sababu inayotumika kwenye chakula husafishwa kwa ajili ya chakula.

Tumia unga wa ngano bila kuona haya. Kaskazini ya Meksiko kwenyewe taco hufungwa kwa mikate ya ngano. Kwa mikate 12 pima gramu 300 za unga, sawa na vikombe viwili na nusu hivi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vinne vya chakula vya mafuta au samli iliyoyeyushwa, na mililita 150 za maji ya moto yanayostahimilika mkononi. Kanda dakika saba au nane, funika, liache donge lipumzike nusu saa ili lisirudi nyuma unapolisukuma. Kama unataka harufu ya mahindi, badilisha gramu 100 za ngano kwa sembe, lakini sembe hiyo imwagie kwanza maji yanayochemka, uifunike dakika kumi inywe vizuri, ndipo uichanganye na ngano.

Usikunje donge na kulitia mafuta ndani kama ufanyavyo kwa chapati za kusukuma. Matabaka yale tunayoyasifia kwenye chapati hapa ni adui, kwa sababu mkate hufunguka pale unapoukunja. Sukuma upana wa sentimita 15, upike kwenye chuma kikavu chenye moto mkali kwa sekunde 40 hadi 50 kila upande, na uutoe ungali laini. Unaousubiri uwe na rangi ya kahawia pande zote utakauka. Kila ukitoa mmoja uweke ndani ya kitambaa na ufunike kwa kawa. Mvuke wake wenyewe ndio utakaoulainisha.

Viungo vitano vya Kichina ni vipi, na tunaweza kuvipata kwetu bila kununua kopo la kutoka nje?
*Msomaji, Mkoani, Pemba*

Swali hili limenifurahisha kwa kuwa limetoka Mkoani, mahali ambapo kimojawapo cha viungo hivyo huanikwa majamvini mbele ya nyumba. Kwa kawaida vitano hivyo ni karafuu, mdalasini, shamari, tunda kavu la anisi lenye umbo la nyota ya ncha nane, na pilipili ya Sichuan. Karafuu, mdalasini na shamari mnazo. Ile nyota huuzwa na wauza viungo pamoja na viungo vya biriani. Ukienda soko la Darajani, Unguja, hutahitaji kuijua kwa jina, ielekeze kwa umbo lake tu.

Iliyo ngumu kupatikana ni pilipili ya Sichuan, ambayo kwa hakika si pilipili bali ni ganda la tunda la mti wa jamii moja na michungwa na mindimu, nalo huutia ulimi ganzi. Badala yake natumia pilipili manga pamoja na ganda la kijani la ndimu lililokunwa, bila ile sehemu nyeupe iliyo chungu. Ganzi haipatikani, ila ile harufu ya jamii ya ndimu hupatikana, na kwenye taco ndiyo inayotakiwa zaidi.

Chukua nyota mbili za anisi, karafuu sita, kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole, kijiko kimoja cha chakula cha shamari na kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga. Vikaange vikavu kwa moto mdogo mpaka vinukie, ambapo dakika mbili zinatosha, vikipoa vitwange kinuni na uvichekeche. Ganda la ndimu litie siku ya kupika, kwani halihifadhiki. Chupa iliyofungwa vizuri huvitunza viungo hivi kwa miezi miwili bila kupoteza nguvu.

Naomba tuiheshimu idadi ya karafuu. Najua Pemba hakuna asiye nazo, na mkono wa mwenye nyingi huwa mwepesi, lakini mafuta ya karafuu yana nguvu ya kuzifunika ladha nyingine zote, na kuku atanuka kama dawa ya meno. Ni jambo la kutafakari pia kwamba Wachina waliijua karafuu karne nyingi kabla yetu: inasimuliwa kwamba katika enzi ya Han, ukoo uliotawala China miaka elfu mbili hivi iliyopita, maofisa waliokuwa wakienda kuzungumza na mfalme walitakiwa kuiweka mdomoni ili pumzi zao zinukie. Wakati huo mkarafuu ulikuwa bado kwenye asili yake, visiwa vya Maluku katika Indonesia ya leo, na kwetu haukufika mpaka mwanzoni mwa karne ya 19.

Mapishi mengi ninayoyaona kwenye intaneti yanataja mvinyo wa Shaoxing. Sisi Waislamu tufanyeje? Je, ukichemka haumaliziki?
*Msomaji, Michenzani*

Uuache kabisa. Shaoxing ni mji ulioko mkoa wa Zhejiang nchini China, na mvinyo wake hutokana na mchele uliochachushwa. Dhana kwamba pombe yote huruka ikipikwa si sahihi, kwani sehemu yake hubakia chakulani, hasa katika mapishi ya dakika chache kama haya.

Kazi yake ni kuondoa shombo ya nyama na kuongeza harufu, na kazi hiyo tangawizi huifanya vyema: ikune tangawizi, ikamue, utie kijiko kimoja cha chakula cha maji yake pamoja na kijiko kimoja cha supu ya kuku. Wala usidhani kwamba kwa kuacha mvinyo unapunguza Uchina wa chakula. Waislamu wa China, wakiwemo watu wa kabila la Hui, wana mapishi yao makubwa ya halali, na tambi za nyama ya ng'ombe za mji wa Lanzhou zilizotoka mikononi mwao huliwa nchi nzima. Soma pia maandishi ya chupa ya sosi ya soya, kwa kuwa zinazochachushwa kwa njia ya asili hutoa kiasi kidogo cha pombe katika kuchachuka kwake. Mimi hununua zenye alama ya halali, na suala la hukumu nawaachia wenye elimu ya dini.

Binti yangu, mimi ni mtu mzima na nimekula vyakula vya kila aina. Naona kuchanganya Meksiko na China ndani ya chungu kimoja ni kuviharibu vyote viwili. Kwa nini usitufundishe kimoja kikamilifu?
*Msomaji, Mkunazini*

Shikamoo, mzee wangu. Hofu yako ina msingi, maana kuna mchanganyiko usio na sababu nyingine ila kutaka kushangaza watu, nami siupendi. Huu naona una sababu. Wachina wenyewe wana chakula cha namna hii: bata wa Beijing huliwa kwa kufungwa ndani ya mkate mwembamba wa ngano, pamoja na kitunguu cha majani, tango na sosi tamu nzito. Ukimtoa bata ukamweka kuku, umeikaribia mno taco ninayoieleza.

Tena nchi hizo mbili zilikutana zamani. Tangu 1565 hadi 1815 merikebu za Wahispania zilisafiri baina ya Manila na Acapulco, pwani ya Meksiko, zikichukua hariri na vyombo vya Kichina na kurudi na fedha. Baadaye Wachina walihamia mji wa Mexicali, ambao mpaka leo unajulikana kwa mikahawa yao. Hata ile taco maarufu ya nyama inayozungushwa motoni ilitokana na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni, ingawa huko hutumiwa nyama tusiyoila sisi. Mpishi wa taco, kwa hiyo, amezoea kupokea wageni.

Hata hivyo nakubaliana nawe katika jambo moja, kwamba mgeni mmoja kwa wakati mmoja anatosha. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba hutia jibini, sosi ya soya, maziwa ya nazi na tungule katika taco moja. Hapo, mzee wangu, nipo upande wako.

Nina shinikizo la damu. Naweza kula?
*Msomaji, Jambiani*

Sosi ya soya ndiyo ya kuangaliwa. Kijiko kimoja cha chakula kina takribani miligramu 900 za sodiamu, sawa na gramu mbili na ziada za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Kipimo nilichokitoa kinampa kila mlaji kama kijiko kimoja, na ndiyo sababu sikutaja chumvi mahali pengine ila kidogo kwenye mkate. Wewe punguza sosi ya soya kwa nusu, uongeze ndimu, tangawizi na ufuta, uache chumvi ya mkate, na umuulize daktari wako kiasi anachokuruhusu. Kuna sosi za soya zilizopunguzwa chumvi, lakini nazo zina sodiamu nyingi bado.

Kwetu hatuli kuku wa kisasa. Nilimkaanga jogoo wa kienyeji, akawa mgumu kama ngozi ya viatu. Naye anafaa?
*Msomaji, Micheweni, Pemba*

Anafaa, na ladha yake ni bora zaidi, lakini njia ya dakika nne si yake. Jogoo aliyetembea ana misuli yenye nyuzi nyingi ambazo hulegea kwa muda mrefu na moto wa polepole. Mchemshe mzima au vipande vikubwa katika maji yanayomfunika, pamoja na tangawizi, thomu, nyota moja ya anisi na kijiti cha mdalasini, kwa saa moja na nusu au mbili, mpaka nyama iachane na mfupa ukiivuta kwa uma. Mtoe, apoe, umchambue kwa vidole upate nyuzi nene. Hahitaji wanga wala ute wa yai, kwa sababu hakuna tena cha kuzuia.

Mkaange kwa mafuta kidogo kikaangoni, moto ukiwa mkali, mpaka ncha zake zianze kukauka na kubadilika rangi, ndipo utie sosi ile ile niliyoielekeza, ugeuze mara mbili tatu na kuepua. Zile ncha kavu zinazovunjika mdomoni ndizo zinazonifanya nikipata jogoo nisimtafute kuku mwingine. Supu uliyomchemshia usiimwage: ichuje, uiweke kwenye friji, na kesho yake uipikie wali.